Kabla ya Kuomba Kifungo cha Nje

Hapa Arua, Uganda, mtu akisikia "huduma kwa jamii", yaani kifungo cha nje ambapo unafanya kazi ya umma badala ya kwenda jela, anawaza wale wafungwa wa sare za njano wanaolima shambani. Si hao. Mfungwa hutoka asubuhi na askari, na jioni huhesabiwa na kufungiwa wodini. Anayetumikia huduma kwa jamii analala kwake, kwa hiyo kabla ya siku ya hukumu weka sawa habari za mahali unapoishi.

Kabla ya kutoa amri, korti hutaka ripoti kuhusu mshtakiwa, pamoja na anakoishi. Ukijibu "naishi huko nyuma ya soko", hujajibu kitu. Chukua barua ya kuthibitisha unapoishi kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na zungumza na mwenye nyumba mapema, hasa kama unadaiwa kodi. Kisha waambie unaokaa nao. Kuna kijana alisema anakaa kwa dada yake. Afisa wa kuandaa ripoti alipobisha hodi, akafungua shemeji, akasema huyo mtu hamjui. Shemeji hakuwa na ubaya. Alidhani ni mdai, na hakuna aliyemwambia habari za kesi.

Angalia pia kosa lenyewe. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2000 ni ya makosa madogo, yale ambayo adhabu yake haizidi miaka 2. Likizidi hapo, usipoteze nauli kuuliza.

Hakimu anapaswa kukueleza amri hiyo ina maana gani, nawe ukubali. Kama Kiingereza kinakupita, omba mkalimani. Ni haki yako, wala usitikise kichwa tu ili mambo yaishe.

Kazi haina malipo. Haizidi saa 8 kwa siku wala miezi 6 kwa jumla, lakini wewe piga hesabu yako: nauli ya boda kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na nani atakaa kwenye kibanda chako. Mwajiri naye ajue.

Ukitaka kuhama, mwambie afisa anayesimamia huduma yako kabla hujafunga godoro. Kutoweka ndiko kunakowaponza wengi: korti inaweza kuifuta amri na kukuhukumu upya kwa kosa lile lile. Na kila siku, kabla hujarudisha jembe, hakikisha umeandikwa kwamba ulikuja.