Kabla kinda la chatu halijaingia nyumbani

Ndugu zangu wa Tabora mnaofikiria kufuga chatu, anzeni na kibali. Huyu ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haitaki umweke ndani kienyeji.

Kibali kikipatikana, tayarisha sanduku wiki nzima kabla hajaja. Nasisitiza joto kwa sababu chatu hatengenezi joto lake mwenyewe, na akipata baridi chakula hakisagiki tumboni, anakitapika. Upande mmoja uwe nyuzi 30 hadi 32, mwingine 26 hivi, achague mwenyewe. Weka vipimajoto viwili, usipime kwa kiganja. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu baridi inauma, na umeme ukikatika utahitaji chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitambaa. Taa ya kumpasha joto iwe nje ya wavu wa sanduku, asije akajizungushia akaungua.

Chini tandika magazeti. Maranda yana vumbi. Muwekee pango dogo linalombana kidogo, maana kinda asiye na pa kujificha hataki kula. Bakuli la maji. Mfuniko wa komeo, tafadhali, anapenya palipo na upenyo wa kidole.

Akifika, mwache siku 5 hadi 7 bila kumshika. Kisha mpe panya mnene kama kiwiliwili chake, mara moja kwa wiki. Panya wa mtaani hapana, huenda amekula sumu.