Kufundisha Matumizi Endelevu ya Misitu kwa Mchezo wa Luanti: Mwongozo kwa Walezi wa Klabu za Mazingira

Mwongozo huu umekusudiwa mwalimu mwenye kompyuta chache, hata kuukuu, zilizounganishwa kwa rauta moja. Luanti, iliyoitwa Minetest hadi mwaka 2024, ni programu huria isiyolipiwa ya michezo ya kuchimba na kujenga kwa vipande vya mchemraba, na ikishapakuliwa huchezwa na wengi bila intaneti.

Hatua ya kwanza ni kuandaa dunia, na hapa usiharakishe. Sakinisha Luanti katika kompyuta zote, kisha pakua Minetest Game, yaani mchezo wenyewe unaoendeshwa ndani ya Luanti, katika ile itakayokuwa seva, yaani kompyuta ambayo wengine watajiunga nayo. Kabla ya kuunda dunia, tafuta mapgen_limit (kikomo cha ukubwa wa dunia) kwenye mipangilio uweke 200. Dunia ya kawaida ina upana wa vipande takriban 62,000, hivyo mwanafunzi aliyemaliza msitu mmoja huhamia mwingine bila kujifunza lolote. Kwa kikomo hicho upana hubaki mia tatu na kidogo. Zima pia hali ya ubunifu, ambayo hutoa kila kitu bure.

Hatua ya pili, anzisha seva, na wengine waingie kwa anwani ya IP ya kompyuta hiyo na namba ya mlango (port) 30000.

Hatua ya tatu ni raundi isiyo na sheria. Kila kundi lijenge nyumba ya mbao. Gogo moja hutoa mbao nne. Wengi watakata mashina na kwenda zao, wakiyaacha majani yapukutike, ilhali miche hupatikana kwa bahati kutoka kwenye majani hayo, na iliyodondoka isipookotwa hutoweka baada ya dakika 15. Utashawishika kuwaonya, usiwaonye.

Hatua ya nne, simamisha mchezo, wahesabu miti iliyosimama na miche iliyopandwa, waandike ubaoni. Mche uliopandwa penye udongo na mwanga wa kutosha kwa kawaida huwa mti baada ya dakika 5 hadi 25. Kwa takwimu hizo wakokotoe ni miti mingapi inayoweza kukatwa kila raundi bila msitu kupungua. Kwa maoni yangu, somo lenyewe liko katika hesabu hii, na ujenzi ni kivutio tu.

Hatua ya tano, waandike sheria zao. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii huweza kutunza mali ya pamoja iwapo watumiaji wenyewe hushiriki kuweka kanuni, hukaguana, na adhabu huanza kidogo kabla ya kuongezeka. Mfano wa karibu ni Kilwa, ambako misitu ya vijiji iliyopata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka huohuo huvunwa mpingo kwa kiwango kilichowekwa katika mpango wa usimamizi. Kwa hiyo usitumie mamlaka yako ya seva kumzuia mkiukaji. Wamteue mkaguzi wao.

Raundi ya pili ichezwe katika dunia ileile iliyokwisha kukatwa miti. Wakiomba uifute waanze upya, kataa.