Kupumua na kulegeza mwili baada ya upasuaji: kwa mgonjwa aliyerudi nyumbani Amu (mji wa Lamu)

Mazoezi haya hayashiki nafasi ya dawa ya maumivu, huenda nayo pamoja. Meza dawa kama ulivyoandikiwa, ngoja nusu saa hadi saa moja, ndipo uanze. Wengi husubiri mpaka maumivu yapande. Hapo mwili umeshakakamaa na zoezi halishiki.

Kama mshono uko tumboni, lala chali, kichwa kimeinuka kidogo, mito miwili chini ya magoti ili ngozi ya tumbo isivutike. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai. Godoro la sakafuni nalo litakutesa ukitaka kuinuka.

Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, mbali na mshono. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4. Wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Ishushe kwa mdomo, kama unayepoza chai, hadi 6. Kule kushusha ndiko kunakotuliza, maana ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Pumzi moja ni kama sekunde 10, kwa hiyo punje 33 za tasbihi ni dakika tano na nusu, na simu huihitaji. Fanya mara tatu au nne kwa siku. Vidole vikichonyota au kichwa kikizunguka, unavuta hewa nyingi mno: acha, pumua kawaida, kisha anza tena kwa pumzi ndogo.

Baadaye kaza nyayo sekunde 5, ziachie sekunde 15. Panda hivyo hivyo: mapaja, viganja, mabega. Misuli iliyo karibu na mshono usiikaze, iachie tu. Taya usiisahau, wagonjwa wengi hulala wameuma meno bila kujijua.

Kikohozi usikizuie, kwani makohozi yakikaa kifuani huleta nimonia. Kunja kikoi kiwe kinene, kibane juu ya mshono kwa mikono miwili, kisha kohoa.

Ngazi za nyumba zetu zimesimama, na mtu hubana pumzi akipanda. Kubana huko ndiko kunakosukuma tumbo na kuvuta mshono. Shusha pumzi kila unapokanyaga kidato. Kwenye gati la Mokowe, upande wa bara, unakopandia boti ya kuja Amu, vilevile: ngoja boti itulie, ushikwe mkono, shusha pumzi, vuka.

Wageni wa kukujulia hali wapokewe na mtu wa nyumbani, tena kwa zamu. Chumba kilichojaa watu hakimtulizi mgonjwa. Usiku hofu ikikujia, fumbua macho utaje moja moja unavyovisikia: punda, feni, mashine ya boti.

Homa ya 38 au zaidi, usaha, shavu la mguu mmoja kuvimba, maumivu yanayozidi siku hadi siku: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kubanwa na pumzi ghafla au maumivu ya kifua hakungoji hata saa moja. Walio kisiwani Pate, mjini Pate au Kizingitini, wapatane na mwenye boti mapema, kabla mgonjwa hajafika nyumbani.