Lightroom ikigoma kufungua katalogi

Umeme umekatika ukiwa katikati ya kazi, umewasha tena kompyuta, na sasa Lightroom Classic (programu ya kupanga na kuhariri picha) inadai katalogi (faili linalotunza kumbukumbu za picha zako na uhariri wake) haifunguki au inatumiwa na programu nyingine. Usikimbilie kuifuta programu na kuiweka upya, mara nyingi tatizo haliko huko.

Funga programu kabisa, na hakikisha haijabaki ikijiendesha chinichini (kwenye Windows, chungulia Task Manager). Kisha ingia kwenye folda ya katalogi, penye faili linaloishia .lrcat. Pembeni yake utakuta jingine lenye jina lilelile ila mwishoni lina .lrcat.lock. Hilo ndilo kufuli: hutengenezwa katalogi inapofunguliwa, na huondoka ukiifunga vizuri. Kompyuta ikizimika ghafla, linaweza kubaki. Lifute, ujaribu tena.

Ila tafadhali, usiguse majirani zake. Ukiona faili linaloishia -wal au -journal, liache hapohapo, maana linaweza kuwa na mabadiliko ambayo bado hayajaingia kwenye katalogi.

Bado inagoma? Tazama kama diski imejaa, au kama katalogi umeihifadhi kwenye diski ya mtandao. Huko Lightroom Classic haifungui kabisa. Ikishindikana, nenda folda ya Backups, chukua nakala ya karibuni, ifungue kama ni zip, iweke kwenye folda mpya na uifungulie humo. Picha zenyewe hazikai ndani ya katalogi, kwa hiyo shusha presha.