Kalenda ya mtandaoni au ya kwenye kompyuta? Sisi wa mlima, hapa Moshi, tunachagua hivi

Nafanya bukingi za wageni wa kupanda mlima Kilimanjaro hapa Moshi, ofisi yenyewe meza mbili na kompyuta moja, na kila mwenye kaofisi kama kangu ananiuliza atumie kalenda ya mtandaoni kama Google Calendar au programu ya kwenye kompyuta kama Thunderbird. Haya twende.

Hatua ya 1. Kabla hujapakua chochote jiulize nani mwingine anatakiwa aione. Kama ni wewe tu na meza yako, Thunderbird inatosha kabisa, ya bure, kalenda imo humo humo na bando likiisha inafunguka kama kawaida. Ila ukishakuwa na magaidi (ndo tunavyowaita waongoza wageni), wagumu (wapagazi) na dereva, ya kwenye kompyuta peke yake itakuumbua. Mimi iliniumbua: gaidi nilishamwandika njia ya Machame siku 7, mwenzangu yuko Arusha kwenye simu akamuahidi kwa wageni wa njia ya Marangu tarehe zile zile, kwangu inaonekana kwake haionekani, tunakuja kushtuka wageni wa makundi yote mawili wameshatua uwanja wa ndege wa KIA.

Hatua ya 2. Angalia mtandao wa kule watu wako wanakokuwa, sio wa ofisini tu. Wengi wanadhani ya mtandaoni bila bando haifunguki, sio kweli. Kwenye simu, apu inabaki na ratiba iliyokwisha kushuka, na mwenye ruhusa ya kubadilisha akiandika kitu akiwa huko juu kinasubiri mpaka simu ikamate mtandao ndo kinapanda. Ila ulichobadilisha wewe leo hakimfikii gaidi mpaka akamate, so ya haraka usiitegemee kalenda, piga simu mpaka umpate. Kwenye kompyuta lazima uwashe matumizi ya bila mtandao kwenye mipangilio mapema, tena hapo ni kusoma tu.

Hatua ya 3, saa, na hapa ndo pa kukaa chini jamani. Weka majira ya Afrika Mashariki, yale ya +3, kwenye kalenda na kwenye simu za watu wote. Halafu mkubaliane: mdomoni saa za Kiswahili, kwenye kalenda saa za kizungu. Saa mbili asubuhi inaandikwa 08:00. Kuna dogo aliandika 2:00, simu ya dereva ikalia saa nane usiku, mtu akaamka akaoga kabisa. Na wageni wa Uingereza wanasogeza saa mbele Machi wanarudisha Oktoba, sisi hatugusi, kwa hiyo tunawatangulia masaa 3 wakati wa baridi yao na 2 wakati wa joto. Ukiweka majira ya kwao mgeni kwenye miadi kalenda inapiga hesabu yenyewe.

Hatua ya 4. Umeamua ya mtandaoni? Gaidi mpe kuona tu, kubadilisha abaki nako mtu mmoja au wawili wa ofisini. Namba za pasipoti usiandike humo.

Hatua ya 5, bekapu, maana akaunti nayo siku ukisahau paswadi au ukiibiwa simu utalia. Ingia kwa kompyuta, sio kwa apu ya simu, nenda mipangilio, toa nakala ya kalenda zako (Export), unapata faili la zipu lenye mafaili ya .ics, hayo Thunderbird na Outlook zote zinayasoma. Mimi natoa kila Ijumaa jioni. Unaweza pia kuiunganisha akaunti na Thunderbird moja kwa moja ila hiyo sio bekapu, ukifuta huku na kule kunafutika. Ndo maana ya Ijumaa naiweka kwenye flashi na flashi inalala nyumbani, sio kwenye droo ya ofisi, mwizi akija kubeba kompyuta na droo anafungua.