Kichocheo Ndani ya Chupa ya Chanjo ya Mifugo

Kijidudu kilichouawa hakizaliani wala hakidhuru, kwa hiyo mwili wa mnyama hauna sababu ya kukishtukia. Ndiyo maana chanjo za aina hiyo huchanganywa na kichocheo (ajuvanti): hidroksidi ya alumini, saponini au mafuta. Kichocheo huziita chembe za kinga pale sindano ilipoingia. Hizo hubeba vipande vya kijidudu hadi kwenye tezi za limfu, na kingamwili huanza kutengenezwa. Chanjo hai, kama ile ya kudondosha machoni ya kideri (ugonjwa wa kuku), haihitaji kichocheo.

Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliona kwamba farasi waliovimba pale walipodungwa ndio waliotoa kingamwili nyingi zaidi. Basi ukiona kinundu kidogo baada ya kuchanja, usikitumbue. Kikizidi kukua au kikitoa usaha, hapo shuku sindano chafu na umwite daktari.

Wafugaji wengi huogopa joto na kusahau barafu. Chanjo yenye alumini ikiganda, chembechembe zake hushikamana na nguvu ya chanjo hupotea. Ukiiyeyusha itaonekana nzima, lakini mabonge yatazama chini haraka, na kuitikisa hakutairudishia ubora. Itunze kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha ya jokofu. Kabla ya kuvuta dozi tikisa chupa taratibu, na urudie kila mara kazi ikiendelea. Usipofanya hivyo, dozi hazitalingana: mnyama mmoja atapata maji matupu, mwingine atapata mashapo. Ya mafuta ikijitenga na ikakataa kuchanganyika, itupe.

Usichukue chanjo ya ng'ombe ukawadunge nguruwe. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo, nguruwe huitikia vibaya chanjo ya alumini. Wao hupewa ya mafuta. Dozi ya pili nayo usiiruke, maana kwa chanjo hizi ya kwanza mara nyingi huamsha kinga tu. Fuata muda ulioandikwa kwenye lebo, mara nyingi wiki 3 hadi 4, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Ukijichoma chanjo ya mafuta kidoleni, nenda hospitali saa hiyo hiyo na karatasi ya chanjo mkononi, hata kama maumivu ni madogo. Mwambie daktari wazi kwamba ni mafuta, kwa sababu tundu huonekana dogo ilhali uvimbe wa ndani unaweza kuzuia damu hadi kidole kikatwe.