Out Run kwenye Switch: kumaliza njia ya kulia kabla muda haujakata

Binamu yangu amepata Switch ya Nintendo, na kila akiingia Devil's Canyon, eneo la kwanza la njia ya kulia kwenye Out Run, muda unamkatikia njiani. Nilimwandikia maelekezo haya kwenye simu, nikaona yanaweza kuwafaa na wengine.

Gemu yenyewe ni ya kuendesha gari, ya 1986, ya mashine za sarafu, kazi ya Yu Suzuki wa Sega. Hii ya Switch imetengenezwa na kampuni ya M2 kwenye Sega Ages, mfululizo wa gemu za zamani za Sega: skrini pana, na fremu 60 kwa sekunde badala ya 30 za zamani. Usichezee emuleta ya simu, yaani programu inayoiga mashine ya zamani. Vidole juu ya kioo na gia haviendani kabisa.

1. Ipate

Iko eShop, duka la mtandaoni la Nintendo. Ukiwa Tanzania au Kenya, fungua akaunti yenye eneo la Marekani na ulipie kwa kadi ya zawadi ya huko.

2. Panga vitufe

Zima usukani wa kuinamisha mkono, ni mbwembwe tu. Mafuta weka ZR, gia weka L. Sababu ni kwamba dole gumba la kushoto liko kwenye kijiti na kidole cha kulia kimeganda kwenye mafuta, hivyo kidole kisicho na kazi ni cha kushoto juu. Breki iache popote ilipo, utaigusa mara chache. Gari likivuta upande mmoja bila wewe kugusa kitu, ingia mipangilio ya Switch urekebishe kijiti kwanza, usilaumu gemu.

3. Kuondoka

Gia ni mbili, Low ya chini na High ya juu. Anza na Low. ZR haijui nusu: imebonyezwa au haijabonyezwa. Kwa hiyo taa zikiwa bado, igusegusie ili sindano ya mizunguko ya injini ielee katikati, kisha kanyaga gari likiruhusiwa. Moshi ukitoka kwenye matairi umezidisha. Sindano ikipanda juu, tia High. Mwisho wa kasi ni kilomita 293 kwa saa.

4. Kona na gia

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda wote, kwa hiyo soma polepole.

Kona ya kawaida haihitaji breki. Achia mafuta kidogo kabla hujaingia, kata, kanyaga tena ukiona barabara imenyooka. Ukisikia matairi yanalia muda mrefu, gari limeshaanza kuteleza kwenda nje na kuongeza usukani hakutasaidia; punguza mafuta. Kona kali kweli, shuka Low.

Tatizo ni pale tairi zinapotoka nje ya lami. Kasi inaporomoka, na kuirudisha kunakula sekunde ambazo huna. Wajapani wa mashine za sarafu walipata dawa yake zamani, wanaiita gia gacha: ukiwa kwenye High na kasi kubwa, piga Low na urudi High papo hapo, kama mkono unaotetemeka. Kwa kitambo kidogo baada ya hapo mchezo haukupunguzii kasi hata ukiwa mchangani.

Sasa masharti yake. Kitambo hicho ni kifupi mno, kwa hiyo unairudia tena na tena mpaka urudi kwenye lami, si mara moja ukastarehe. Ianze *kabla* tairi halijatoka. Kasi ikishashuka umechelewa. Usiishie kwenye Low kwa bahati mbaya: tazama neno lililoandikwa kwenye skrini, usihesabu mibonyezo. Wala haikulindi na vitu. Ukigonga mnazi au bango kwa kasi, gari linapinduka, abiria wanamwagika barabarani, na hapo ni bora uanze upya. Magari mengine nayo yanakupunguza, yapite kwa ndani ya kona.

Jifunzie Coconut Beach, eneo la kuanzia, ambako kando ni mchanga. Toka makusudi, piga gacha, rudi. Fanya hivyo mpaka kidole kiache kukuuliza. Mimi hucheza nikiwa nimeshika Switch mkononi kwa zoezi hili. Televisheni nyingi huchelewesha picha, na kuchelewa kidogo tu kunaiua gacha.

5. Njia panda

Maeneo yapo 15, safari moja inapita 5, na miisho ni 5. Kushoto ni rahisi, kulia ni ngumu. Chagua upande mapema, kwani wanaosita katikati huishia kwenye vitu vya kando. Maliza kwanza kushoto tupu, kuanzia Gateway yenye matao ya mawe mpaka Vineyard. Kisha changanya, kushoto mara mbili na kulia mara mbili, ndipo uende kulia tupu mpaka Lakeside.

6. Redio

Kabla ya kuondoka unachagua wimbo: mimi, Magical Sound Shower. Splash Wave ni nzuri pia, ila inanifanya nikanyage mafuta pasipostahili. Ukiingia kwenye jedwali la alama, unaandika herufi tatu tu, kwa hiyo amua mapema jina lako utalikata wapi.